Miezi 33 Ngomeni: Mzingiro wa Mombasa, 1696–1698

Katikati ya mwaka 1697 bendera ya Ureno ilikuwa bado ikipepea juu ya ngome ya Mombasa, lakini chini yake hakuwako tena askari wa Kireno wa kuilinda. Maradhi yalikuwa yamewamaliza. Aliyeshika amri alikuwa Bwana Daud, wa ukoo wa watawala wa Faza, na kumbukumbu za Kireno zinawahesabu waliokuwa naye: jamaa zake 17, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake 50. Ng'ambo ya handaki walikuwa askari wa Imamu wa Omani, na bega kwa bega nao watu wa Mombasa na wa Pate.

Mzingiro huu umezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa wageni wawili, Mreno na Mwarabu, waliogombea mlango wa bahari huku wenye nchi wakitazama. Simulizi hiyo siikubali. Ukifuata nani alikuwa ndani, nani alikuwa nje, na kwa nini kila mmoja alisimama aliposimama, utakuta kwamba vita vile vilikuwa pia vita vya miji ya pwani yenyewe, vyenye visa vya zamani kuliko ngome.

Tuanze na mahali. Kisiwa cha Mombasa kimekaa katikati ya mikono miwili ya bahari: Kilindini upande wa kusini magharibi, na Tudor, ambako ndiko iliko bandari ya kale, upande wa kaskazini mashariki. Chombo chochote kinachoingia bandari ya kale hupita chini ya ulimi wa mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bahari. Juu ya ulimi huo, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga. Walikuwa wamekwisha kuuchoma mji huu zaidi ya mara moja, Francisco de Almeida mwaka 1505 na Nuno da Cunha mwaka 1528, na kila mara mji uliinuka tena na kukataa kuwatii. Kilichowatisha hasa kilikuwa Mturuki. Katika miaka ya 1580 Amir Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu, na miji ya pwani, mmoja baada ya mwingine, ikampokea. Mwaka 1589 Wareno walimkamata Mombasa, siku zile zile jeshi la Wazimba lilipokuwa bara likingoja kuvuka. Baada ya hapo hawakutaka kuamini tena urafiki wa mtu. Mtawala wa Malindi, mshirika wao wa tangu siku za Vasco da Gama, alipewa Mombasa, na karibu yake ikawekwa ngome.

Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa Ureno katika Bahari ya Hindi. Mafundi waashi walitoka India, vibarua wakatoka Malindi, na mawe yakatoka papo hapo, matumbawe yaliyochongwa mwambani na kushikwa kwa chokaa. Cairati alikuwa wa kizazi cha wasanifu waliofikiria mizinga kabla ya kufikiria mikuki. Aliweka buruji nne pembeni, San Felipe na San Alberto zikitazama nchi kavu, San Mateus na San Matias zikitazama upande wa bahari, na akaziinamisha kwa pembe ambazo hakuna sehemu ya ukuta isiyoonekana kutoka buruji jirani. Anayekaribia ukuta mmoja hupigwa kutoka ubavuni. Upande wa nchi kavu handaki lilichimbwa ndani ya mwamba wenyewe. Upande wa maji ilitengenezwa njia ya kushukia baharini kupitia matumbawe, njia ambayo mgeni wa leo huipita haraka, naye asijue kwamba kwa karibu miaka mitatu uhai wa watu wote waliokuwa mle ndani ulitegemea mlango ule mdogo.

Ubora wa ramani ile waliuonja Wareno wenyewe. Yusuf bin Hasan alikuwa mwana wa sultani aliyeuawa kwa njama ya nahodha mmoja wa ngome. Mtoto akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu na jina lake la kuzaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1632 Wareno walileta merikebu kutoka Goa wakaizingira ngome waliyoijenga wao, na wakashindwa kuiingia. Yusuf aliondoka mwenyewe mwezi Mei, baada ya kuibomoabomoa, na Wareno wakairudia ikiwa tupu. Ukarabati uliofuata ndio uliowekewa maandishi ya mwaka 1635 juu ya lango, ambayo yapo hadi leo, nahodha Francisco de Seixas de Cabreira akijisifu kwamba aliijenga upya na kuwatiisha watawala wa pwani. Majigambo yale yalichongwa kwenye jiwe wakati nguvu za Ureno zilikuwa zimeanza kupungua.

Mwaka 1650 Waomani waliwatoa Wareno Maskati. Hilo lilibadili mambo yote ya bahari yetu. Waomani waliteka merikebu, wakajifunza kuziendesha, wakaunda nyingine, na baada ya miaka miwili tu walikuwa wamefika Unguja. Mwaka 1661 waliuteka mji wa Mombasa lakini hawakuigusa ngome. Miji iliyochoshwa na ushuru na ubabe wa Wareno ikaanza kutuma wajumbe Omani kuomba msaada, na Pate ikawa mbele. Wareno waliadhibu vikali. Mwaka 1679 walimkata kichwa mtawala wa Pate na wenzake wa miji jirani, na miaka michache baadaye mfalme mwingine wa Pate alichukuliwa hadi Goa, akafia huko. Kwa hiyo watu wa Pate walipokuja Mombasa na jeshi la Imamu Saif bin Sultan, walikuwa na damu ya kudai.

Na Faza je? Faza ipo katika kisiwa kile kile cha Pate, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka mji wa Pate wenyewe. Mwaka 1587, kwa kosa la kumpokea Amir Ali Bey, Wareno waliivamia Faza, wakamuua mtawala wake, wakakata minazi na kuuacha mji magofu. Miaka 110 baadaye mtu wa Faza yumo ngomeni akiilinda bendera ya Wareno hao hao. Msomaji atauliza imekuwaje. Jibu ni kwamba Faza na Pate zilikuwa mahasimu wa siku nyingi, na mji mdogo uliokaa kando ya mji mkubwa hutafuta nguvu ya mbali ili usimezwe na jirani. Pate ilipoitazama Omani, Faza ilibaki na Mreno. Haikuwa mapenzi, wala haikuwa usaliti kwa watu wa pwani, kwa sababu wakati ule hapakuwa na pwani moja ya kusalitiwa. Palikuwa na miji, kila mmoja na mwenyewe wake, visima vyake, mashamba yake na hesabu zake za kuokoka.

Jeshi la Omani lilifika Machi 1696, watu wapatao 3,000. Ngomeni kulikuwa na askari wa Kireno kati ya 50 na 70. Mara Waomani wakaushika mji. Mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wa Wareno, wanaume kwa wanawake na watoto, walikimbilia ngomeni. Hapo ndipo hesabu ya Cairati ilipopata mtihani asioutarajia, kwa maana ngome iliyosanifiwa kwa ajili ya kikosi sasa ilikuwa mji uliosongamana.

Waomani hawakuwa na haja ya kukimbilia kuta. Walijua buruji zile zitawafanya nini. Waliweka mizinga, wakachimba mahandaki, wakazuia njia za chakula, wakangoja. Na kungoja kwao kulikuwa na akili, kwa sababu bahari hii ina kalenda yake. Pepo za kaskazi, zinazovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndizo huleta vyombo kutoka Uarabuni na India. Kusi, inayofuata kuanzia Aprili, ndiyo huvirudisha, tena katikati yake, Juni na Julai, bahari huchafuka mno hivi kwamba bandari za magharibi ya India hufungwa. Jeshi la Omani lilikuja na mwisho wa kaskazi. Habari za mzingiro zilipotoka Mombasa zilikwenda Goa na kusi, na msaada kutoka Goa usingeweza kurudi mpaka kaskazi nyingine. Tangu kuomba hadi kupokea ni miezi minane au tisa, hata kama wakubwa wa Goa wangekuwa na pesa, merikebu na mabaharia tayari, na mara nyingi hawakuwa navyo.

Ndivyo ilivyokuwa. Merikebu za Goa zilifika Desemba 1696, siku za Krismasi, zikileta askari, chakula na baruti. Waliokuwa ndani walikuwa wamevumilia miezi tisa, na nahodha João Rodrigues Leão alikuwa amekwisha kufa. Lakini zilipokuja hazikuweza kuuvunja mzingiro. Zilishusha watu na mizigo, nyingine zikaendelea hadi Msumbiji, na ngome ikabaki vilevile katikati ya maadui, sasa ikiwa na vinywa vipya vya kulisha. Wageni hao wasiozoea hali ya hewa walibanwa pamoja na wagonjwa wa zamani. Maradhi yakawapukutisha. Nadhani hapa ndipo vita vilipoamuliwa hasa, si mwaka 1698. Baada ya kaskazi ile Goa haikuleta tena nguvu ya kutosha kuwaondoa Waomani kisiwani, iliiletea tu ngome watu wa kufia ndani yake.

Zipo habari kwamba chakula kilitoka pia Unguja. Malkia Fatuma, aliyetawala huko, alikuwa mshirika wa Wareno na alijaribu kuwapelekea waliozingirwa vyakula. Baada ya ngome kuanguka Waomani walimchukua Omani, akakaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Watu wa Unguja, basi, nao walikuwamo katika vita hivi.

Hebu turudi kwa Bwana Daud. Watu wachache kuliko 30, ukiwahesabu wanaume tu, hawawezi kushika zamu ya usiku na mchana juu ya buruji nne, kuta za upande wa nchi kavu, lango na njia ya bahari. Hesabu haikubali. Wanawake 50 walioandikwa kwa idadi bila majina lazima walibeba sehemu ya kazi ile: kuteka maji, kupika kilichokuwepo, kuuguza, kuzika, kupandisha mawe na baruti, na kukesha ukutani. Katika vitabu vya Wareno mtu mweupe aliyekufa kwa homa ana jina, cheo na siku ya kifo chake. Mwanamke aliyebaki hai na kuishika ngome hana hata jina la baba yake. Wengi wao huenda walikuwa watumwa, walioletwa mle bila kuulizwa. Naona ni haki kila anayeeleza mzingiro huu awataje, hata kama ni kwa idadi yao tu, kwa kuwa bila wao ngome ingeanguka mwaka mmoja kabla.

Waomani hawakuivamia ngome kwa wakati ule. Pengine hawakujua jinsi ilivyokuwa tupu, pengine waliogopa ukuta. Septemba 1697 merikebu ya vita Santo António de Tanná ilirejea kutoka Msumbiji, ikisukumwa na kusi, ikatia nanga chini ya ngome na kushusha askari. Ilikuwa imeundwa Bassein, India, kwa miti ya huko, na ilikuwa miongoni mwa zile zilizoleta msaada wa kwanza. Safari hii haikuondoka. Ilipigwa mizinga ya Waomani, kamba zake zikakatika, ikagonga mwamba, na mwezi Oktoba ikazama mbele ya macho ya watu iliyokuja kuwaokoa. Mwishoni mwa Desemba chombo kingine kilitoka Goa na askari wachache. Kisha hapakuja kitu.

Mwaka 1698 wote ulipita hivyo. Kwa Waomani pia haukuwa mwaka mwepesi, maana jeshi linalolala mahandakini msimu wa masika hupata maradhi kama linalolala ndani ya kuta, lakini wao walikuwa na mji nyuma yao, na bara ng'ambo ya kivuko cha Makupa, na vyombo kutoka Pate. Ngomeni, Desemba ilipoingia, walikuwa wamebaki nahodha Leonardo Barbosa Souto Maior, askari tisa na padri mmoja. Alfajiri ya tarehe 13 Desemba Waomani waliupanda ukuta. Nahodha aliuawa. Miezi 33 kamili ilikuwa imepita tangu walipofika.

Siku saba baadaye merikebu za Goa zilionekana kwenye upeo wa macho, zikiletwa na kaskazi ya mwaka ule. Mabaharia waliona bendera iliyokuwa juu ya buruji, wakageuza. Wapo wanaosema siku saba zile zilibadili historia ya Afrika Mashariki. Siamini. Merikebu zile zingefika tarehe 10, zingeshusha watu kama zilivyoshusha zile za mwaka 1696, na mzingiro ungeendelea mpaka kaskazi nyingine, na makaburi yangeongezeka. Ureno ilikuwa ikiitetea Mombasa kutoka ng'ambo ya bahari nzima dhidi ya watu waliokuwa na marafiki mlangoni.

Yaliyofuata nitayapitia kwa kifupi, ingawa kila moja lingetosha makala yake. Urafiki wa Pate na Omani haukudumu. Omani ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme wa Pate aliwaita Wareno warudi, na mwaka 1728 waliishika tena ngome kwa msaada wa mji ule ule uliowapigania Waomani miaka 30 nyuma. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa waliinuka, na mwezi Novemba 1729 Wareno wakaondoka wasirudi tena. Wamazrui waliotumwa na Omani kutawala Mombasa walijifanya wenye mji, wakaishi ndani ya ngome, wakajenga nyumba juu ya San Felipe, mpaka Sayyid Said, mtawala wa Omani, alipowatoa mwaka 1837. Mwaka 1875 Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama al-Akida, aliasi dhidi ya Sultani wa Zanzibar, na manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome hadi akasalimu amri. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela. Wafungwa walilala pale walipolala wagonjwa wa 1697, hadi mwaka 1958, ngome ilipotangazwa mnara wa kihistoria. Fedha za Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno ziligharamia ukarabati, James Kirkman akaongoza uchimbaji, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1960.

Kwa watu wa Mombasa mahali pale panaitwa Ngomeni tu. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Wapiga mbizi waliikuta Santo António katika miaka ya 1960, ikiwa imelala kwenye mteremko chini ya maji mbele ya ngome, na kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy aliongoza uchimbaji wake pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Maelfu ya vitu vilitolewa, vyombo vya udongo, kaure za Kichina, mizinga, vyombo vya ubaharia. Mbao za chombo chenyewe zilipimwa, zikachorwa, zikafukiwa tena mchangani kwa sababu kuzihifadhi nchi kavu kungegharimu mno.

Kirkman naye alikuta kwenye plasta ya chumba cha walinzi, upande wa San Mateus, michoro ya mkaa na udongo mwekundu iliyochorwa na askari au mabaharia wa Kireno: merikebu, samaki, kinyonga, makanisa, watu waliovaa nguo za vita. Kipande chake kimewekwa mahali pa kuonwa. Ukiangalia merikebu zile kwa makini utaona aliyezichora alizijua kamba zote na milingoti yote, kama mtu aliyekuwa akitazama mlango wa bahari kila siku akiitarajia moja.

Wareno, Wamazrui, Waingereza na wapiga plasta wa miaka ya 1960, kila mmoja aliweka tabaka lake, na matumbawe yamebeba yote. Tishio la sasa linatoka chini. Bahari hula mwamba ambao ngome imekaa juu yake, na kwa miaka mingi mawimbi yalichimba mapango chini ya kuta za upande wa maji. Serikali ya Kenya imejenga ukuta wa kuzuia mawimbi mbele yake, na umeleta nafuu. Ila matumbawe na chokaa havitunzwi kwa kazi ya mara moja. Vinahitaji fundi anayerudi kila baada ya masika kuangalia ufa, kuchanganya chokaa kama ilivyochanganywa mwanzo, bila saruji inayofungia unyevu ndani, na kuziba.